Vyuo viwili, kambi moja na shangazi: kisa cha mkimbiaji wa Dodoma

Kisa hiki ni cha binti wa mbio ndefu aliyepata udahili wa vyuo vikuu viwili kwa mpigo, Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akabaki na siku chache za kuamua. Ameniruhusu nikiandike kwa sharti kwamba nisitaje jina lake, shule yake wala klabu yake. Nitamwita Binti, kama kocha wake anavyomwita akikasirika.

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yakitoka, swali lilelile hurudi kwenye vikundi vya wakimbiaji: mtu wa riadha aende chuo gani? Majibu huwa mafupi na yana uhakika mwingi. Dodoma kuna mwinuko. Dar kuna mashindano. Achana na chuo, ingia jeshini. Katika kisa hiki majibu yote matatu yaliwekwa mezani na watu wazima wenye nia njema, na yote yana ukweli fulani. Lakini jambo lililokuja kumwangusha Binti, na lililomwinua, halikuwa miongoni mwa hayo.

Hali ilivyokuwa

Binti ni mzaliwa wa Singida, kwenye familia ya wakulima wa alizeti. Alianza kukimbia UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, akafika UMISSETA, ile ya sekondari, kwa mita 1500 na 3000. Kidato cha tano na sita alisoma Dodoma, mchepuo wa CBG (kemia, biolojia na jiografia), na likizo fupi alikaa kwa shangazi yake Nkuhungu. Huko ndiko alikojiunga na kikundi cha asubuhi cha mwalimu mmoja mstaafu wa michezo. Ni watu kama kumi na tano, sita kati yao wanawake, na wawili kati ya hao sita ni askari.

Muda wake bora kwa kilomita 10 za barabarani ulikuwa dakika 36 na sekunde 50, kwa saa ya mkononi ya kocha. Tuuweke muda huo mahali pake kwanza, maana mijadala mingi ya namna hii huharibika hapohapo. Kwa binti wa miaka ishirini anayefanya mazoezi mara moja kwa siku, ni muda mzuri sana. Ni wastani wa dakika 3 na sekunde 41 kwa kilomita. Magdalena Shauri alipoweka rekodi ya taifa ya marathoni ya wanawake jijini Berlin mwaka 2023, saa 2:18:41, alikwenda wastani wa dakika 3 na sekunde 17 kwa kilomita, tena kwa kilomita 42. Kati ya Binti na kiwango cha kuishi kwa mbio kuna sekunde zaidi ya ishirini katika kila kilomita. Si umbali wa kukatisha tamaa, ila haupunguzwi kwa kubadilisha jina la chuo kwenye kitambulisho.

Baada ya mitihani alikwenda JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kwa mujibu wa sheria, miezi mitatu kama wahitimu wenzake wa kidato cha sita. Kambini waliona anavyokimbia. Ofisa mmoja akamwambia, bila karatasi yoyote, kwamba nafasi za vijana wa kujitolea zikitangazwa asikae mbali na simu.

Aliporudi akakuta majina mawili yametoka. Dodoma walimpa Shahada ya Sayansi na Elimu, yaani ualimu wa biolojia na jiografia. Dar es Salaam walimpa ualimu wa elimu ya viungo na sayansi ya michezo. Kwa utaratibu wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, aliyechaguliwa na chuo zaidi ya kimoja lazima athibitishe kimoja kwa namba maalumu inayotumwa kwenye simu, ndani ya muda uliowekwa.

Kikao cha Nkuhungu

Kikao kilifanyika jioni sebuleni kwa shangazi. Baba yake alikuwa Singida, akisikiliza kwa simu iliyowekwa sauti juu na kuegemezwa kwenye chupa ya chai. Walikuwepo kocha, baba mdogo ambaye ni askari, kaka yake aliyekuwa anamaliza chuo Dar, na mimi niliyeitwa kwa sababu huwa nasaidia kuandika taarifa za kikundi. Shangazi alikuwa akiingia na kutoka na sinia.

Baba mdogo alianza. "Simbu ni askari. Ikangaa alikuwa askari, tena mzaliwa wa hapahapa Dodoma. Nitajieni msomi mmoja."

"Nyambui," kocha akasema.

"Huyo alisoma Marekani, mwalimu. Hakusoma Chimwaga."

Chimwaga ni eneo la Chuo Kikuu cha Dodoma. Kila mtu akacheka, hata baba kwenye simu. Lakini hoja ilikuwa imeshatua. Alphonce Simbu, bingwa wa dunia wa marathoni Tokyo 2025, ni mwanajeshi. Juma Ikangaa, aliyeshinda New York mwaka 1989 kwa saa 2:08:01 na kushika nafasi ya pili Boston miaka mitatu mfululizo, alikuwa mwanajeshi. Anayetaka kuonyesha kwamba chuo kikuu kinaweza kumlea mkimbiaji wa Tanzania, kwa kawaida hulazimika kuvuka bahari, na huko atawakuta Suleiman Nyambui na Gidamis Shahanga wakisoma Chuo Kikuu cha Texas pale El Paso.

Kocha naye akatoa hoja yake: Dar ni usawa wa bahari, Dodoma ni juu, mapafu ya binti yataharibika. Kaka akapinga: Dar ana kozi ya michezo yenyewe, atafundishwa na wataalamu, na mashindano yote yako pale. Baba aliuliza swali moja tu, kama mkopo ni uleule kokote atakakokwenda. Binti hakusema kitu mpaka alipoulizwa. Akajibu, "Nahitaji kuviona vyote viwili kwanza." Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kauli iliyokuwa na akili kuliko zote za jioni ile.

Mwinuko: hoja inayopendwa kuliko inavyostahili

Dodoma mjini iko mita zaidi kidogo ya 1,100 juu ya usawa wa bahari. Iten ya Kenya, ambako wakimbiaji wa dunia nzima hupiga kambi, iko kama mita 2,400. Wanaofundisha mbio hizi kwa kawaida huzungumzia mita 2,000 na kuendelea ndipo mwili unapoanza kuongeza chembe nyekundu za damu kwa kiwango cha maana. Kwa hesabu hiyo Dodoma iko katikati: juu kiasi cha mgeni kutoka Tanga kuona pumzi inakata wiki ya kwanza, chini mno kwa mtu kuiita kambi ya mwinuko. Singida kwao Binti, kwenye kama mita 1,500, ni afadhali, na bado haitoshi.

Hapa El Paso inatufundisha jambo. Mji ule uko kwenye mita kama 1,140, mkavu, wenye upepo na vumbi. Mtu wa Dodoma angejiona yuko nyumbani. Timu ya wanaume ya chuo kile ilitwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani wa mbio za nyika mwaka 1975, 1976, 1978, 1979, 1980 na 1981. Nyambui alishinda mbio zile binafsi mwaka 1980, mwaka uleule aliopata medali ya fedha ya mita 5000 kwenye Olimpiki ya Moscow. Wapinzani wao wakubwa, Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, walikuwa mji wa Pullman, chini ya mita 800, na huko alikuwepo Mkenya Henry Rono, aliyevunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978. Kama mwinuko wa chuo ungekuwa ndio unaoamua, Rono angepaswa kubaki nyuma. Ni kweli alikulia juu, Nandi, na hilo halisahauliki. Lakini kilichofanana kati ya El Paso na Pullman hakikuwa hewa. Kila mmoja wao alikuwa akiamka asubuhi na kukuta mlangoni kundi la watu wanaoweza kumwacha.

Kwa hiyo kocha alikuwa sahihi kumtaka abaki Dodoma, ila sababu aliyoitoa haikuwa yenyewe. Faida ya hewa ya Dodoma ni ukavu wake, pamoja na asubuhi za baridi za Juni hadi Agosti ambapo unaweza kukimbia kilomita 18 bila kupikwa. Dar tatizo ni unyevu. Jasho linatoka lakini halikauki, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Muhula wa kwanza wa mwaka wa kwanza huangukia humohumo, kuanzia Novemba mpaka Februari, joto la Pwani likiwa kwenye ukali wake. Mwili huzoea sehemu kubwa ya joto hilo ndani ya wiki mbili hivi, na aliyelizoea huwa na silaha siku ya mbio ya joto. Simbu mwenyewe alishinda Tokyo kwenye asubuhi ya joto na unyevu. Basi joto la Dar lisichukuliwe kuwa laana. Lakini mwanafunzi mgeni, anayetafuta chumba, foleni ya usajili na pesa ya chakula, ana mengi ya kuzoea kabla hajafika kwenye joto.

Kaka na kurasa za Marekani

Kaka alikuwa amemtumia Binti kurasa kadhaa za ushauri kwa wakimbiaji wa vyuo vya Marekani. Nilizisoma naye. Nyingi hazituhusu, na ni vizuri kujua kwa nini.

Kule chuo kinamnunua mkimbiaji. Hadi msimu wa 2024-25, timu ya riadha ya wanawake ya daraja la kwanza la NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vya kule, iliruhusiwa ufadhili sawa na nafasi kamili 18, na ya wanaume 12.6, na kocha aliweza kuzikatakata na kuwagawia wengi. Tangu 2025-26, kwa vyuo vilivyoingia kwenye makubaliano ya mahakamani kuhusu malipo ya wanamichezo, kikomo kimehamia kwenye idadi ya wanamichezo badala ya ufadhili. Mbio zao za nyika huhesabiwa kwa timu: wanakimbia saba, nafasi za watano wa kwanza zinajumlishwa, mwenye jumla ndogo anashinda. Ndiyo maana kocha wa kule hawezi kuridhika na nyota mmoja. Wa tano wake ana thamani kama wa kwanza, hivyo analazimika kujenga kundi.

Hapa kwetu unadahiliwa kwa alama zako za kidato cha sita. Hakuna kocha aliyekaa na jina lako akikusubiri, na hakuna atakayekunyang'anya ufadhili ukishindwa, kwa kuwa hakukupa. Michezo ya vyuo vikuu chini ya chama chao, TUSA, ipo, na ukiwa mzuri kuna ya Afrika Mashariki na ya dunia. Lakini kundi la kila siku, la Jumanne alfajiri, utalikuta au utalijenga mwenyewe.

Swali moja kwenye kurasa zile lilivuka bahari salama: ukivunjika mguu wiki ya kwanza, bado ungependa kuwa chuo hicho, kwenye kozi hiyo? Binti aliliandika kwenye daftari. Akaongeza la kwake, ambalo Mmarekani asingelihitaji: bumu likichelewa, nitakula kwa nani? Kwa asiyejua lugha ya vyuoni, bumu ni pesa ya kujikimu inayotoka Bodi ya Mikopo. Huja kwa awamu, na awamu haziangalii tumbo. Ajabu ni kwamba swali hilo aliliandika mwenyewe, kisha akasahau kulijibu.

Alichokiona

Dar alikwenda kwa treni ya SGR, reli ya kisasa. Tangu huduma ya Dodoma ianze Julai 2024, safari ile imekuwa ya saa tatu na nusu hadi nne, na hilo peke yake linapunguza nguvu ya hoja ya kaka kuhusu mashindano. Anayeishi Dodoma anaweza kuondoka Ijumaa mchana, akakimbia Dar Jumamosi, akarudi. Alilala kwa mama mdogo wake Kimara, asubuhi akawahi Mlimani, kilipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Alipapenda kuliko alivyotarajia. Miti, kivuli, vilima vya kutosha kumaliza mapaja. Alikimbia mwendo wake wa kawaida wa mazoezi mepesi na saa ikamwonyesha yuko nyuma karibu sekunde ishirini kwa kilomita, fulana imelowa kama ya mtu aliyenyeshewa. Asubuhi ile hakukutana na mwanamke mwingine wa mbio ndefu, ingawa asubuhi moja ya likizo haithibitishi chochote, na nilimwambia hivyo. Kilichomsaidia zaidi ni mazungumzo na mwanafunzi wa mwaka wa pili wa kozi ileile, mkimbiaji wa mita 800, aliyemweleza jambo ambalo hakuna mtu mzima aliyelifikiria: kusoma michezo si kupata muda wa mazoezi. Kuna vipindi vya vitendo vya michezo ambayo si yako. Unaweza kucheza mpira wa kikapu saa nne asubuhi na jioni ukadaiwa mbio za kasi kwa miguu iliyokwisha kazi.

Chuo Kikuu cha Dodoma alikiona kwa miguu, kilomita kadhaa kutoka kitivo kimoja mpaka kingine. Eneo ni kubwa mno na mwanafunzi asiye na nauli ya daladala hufanya mazoezi bila kupenda. Barabara za ndani asubuhi ni tulivu. Kasoro zilikuwa mbili. Ya kwanza, maabara: masomo ya sayansi yana praktiko za mchana, na kocha aliposikia akaona zoezi la pili la jioni limekufa. Ya pili ni kubwa zaidi, nayo kocha aliipita haraka: kikundi chake hukutana upande wa Uwanja wa Jamhuri saa kumi na moja alfajiri. Kutoka mabweni mpaka pale ni bodaboda ya gizani kwa msichana peke yake. Watu wa mbio hupenda kuzungumza juu ya mapafu na kusahau kwamba mkimbiaji wa kike huanza kwa kuuliza nani yuko njiani saa hiyo.

Kuhusu zoezi la jioni nilikuwa na maoni yangu na niliyasema. Mtu anayekimbia kilomita 65 kwa wiki hajafika mahali pa kukimbia mara mbili kwa siku. Akizifanya zile mara moja vizuri kwa miaka miwili, akalala, akala, maabara haitamzuia kitu. Kuhusu bodaboda walikubaliana kwamba aje kwenye kikundi siku tatu, Jumanne, Alhamisi na Jumapili, akipitiwa na mmoja wa wale askari wanawake anayekaa Iyumbu na mwenye pikipiki. Siku nyingine akimbie ndani ya eneo la chuo kukiwa kumeshapambazuka.

Kambi

Hoja ya baba mdogo tuliimaliza haraka kikaoni, na nadhani ndiyo iliyokuwa na nguvu kuliko zote. Kambini unakula. Unalala mahali pamoja na wakimbiaji wenzako. Kukimbia kunakuwa sehemu ya kazi yako, kuna mshahara, na kuna daktari. Ukiweka pembeni fahari ya familia kuwa na msomi, kambi inampa mkimbiaji kila kitu ambacho vyuo vyetu havimpi.

Sababu ya kuikataa iliyotolewa kikaoni ilikuwa dhaifu: "elimu kwanza". Sababu nzuri ilikuwepo na hakuna aliyeitamka. Neno la ofisa si barua. Nafasi hutangazwa zinapotangazwa, zina masharti ya umri na afya, na waombaji ni wengi kuliko nafasi. Udahili wa chuo ulikuwa mkononi na ungefungwa wiki ile, ilhali mlango wa jeshi hupokea hata wenye shahada. Mtu akienda chuo kwanza, hajaufunga ule wa pili. Akikaa nyumbani kusubiri simu, anaweza kupoteza yote mawili.

Uamuzi na muhula wa kwanza

Alithibitisha Dodoma. Kwa baba yake alisema, "Baba, hapa hata nikivunjika mguu nitakuwa mwalimu wa sayansi." Kwa kocha alisema atakuwepo Jumanne, Alhamisi na Jumapili. Sababu zote mbili zilikuwa za kweli na uamuzi ulikuwa mzuri. Kisa kingeishia hapo kama kingekuwa cha kuchagua chuo tu.

Wiki za mwanzo bumu lilichelewa. Binti, kama wenzake wengi, akapiga pasi ndefu: chai ya rangi na maandazi mawili asubuhi, kisha mpaka jioni, wali maharage. Hesabu yake ni rahisi na haina huruma. Kukimbia hugharimu takriban kilokalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Binti ana kilo 48. Kilomita 12 ni karibu kilokalori 580, yaani sahani nzima ya wali maharage imeungua kabla hajaingia darasani, na mwili bado haujapewa kitu cha kutembelea, kusomea wala kujijenga. Pesa ilipofika alikuwa ameshazoea. Alinunua raba, akalipa deni, akaendelea kula vilevile.

Januari alikuwa na kilo 44. Muda wake ulirudi nyuma hadi dakika 38 na kitu. Kocha alidhani chuo kimempa mambo mengine, akaongeza mazoezi. Nasema hili bila kumlaumu, ndivyo makocha wetu wengi walivyofundishwa: mkimbiaji akipungua kasi, anapewa kazi zaidi. Aliyeona ni yule askari wa pikipiki. Siku moja wakinyoosha misuli akamuuliza kwa sauti ya chini hedhi yake ya mwisho ilikuwa lini. Binti akafikiri, akasema kabla ya Krismasi. Akaongeza kwamba alifurahi, maana inasumbua.

Wanamichezo wa kike wanaochoma zaidi ya wanachokula, mwili hufunga milango mmoja baada ya mwingine, na mlango wa hedhi hufungwa mapema. Inayofuata ni mifupa na damu. Kwenye mbio ndefu jambo hili ni la kawaida kiasi kwamba baadhi ya wasichana huchukulia kukosa hedhi kuwa dalili ya kuiva kimazoezi. Ni dalili ya njaa. Hospitali walikuta pia upungufu wa damu, wakampa vidonge vya madini ya chuma na kumwambia asikimbie kwa kasi kwa muda. Nusu marathoni ya Moshi aliyokuwa akiililia tangu Oktoba ikafutwa kwenye daftari.

Hapo ndipo shangazi, ambaye kwenye kikao hakuulizwa kitu, alipoingia. Hakwenda kwa kocha wala kwa mimi. Alimwambia Binti kwamba kuanzia Jumapili hiyo, akimaliza mazoezi, aje Nkuhungu ale, na asiondoke mikono mitupu. Ugali wa uwele na mlenda, dagaa wa Kigoma, mayai, maini mara moja moja mfuko ukiruhusu, na machungwa. Chai ikapigwa marufuku wakati wa chakula, baada ya nesi wa jirani kumwambia kwamba majani ya chai huzuia mwili kuchukua madini ya chuma na chungwa huyasaidia. Kila Jumapili aliondoka na ndoo ndogo: karanga za kukaanga, unga wa uji uliochanganywa, mayai ya kuchemsha ya siku mbili. Uji huo ulinywewa kabla ya mazoezi, jambo ambalo kocha alilipinga kwa wiki moja kisha akanyamaza.

Mwezi Aprili hedhi ilirudi. Julai alikimbia kilomita 10 kwa dakika 36 na sekunde 14, muda wake bora mpya, na hakushika sapu, yaani mtihani wa marudio, hata moja.

Kama angekwenda Dar

Nimeulizwa hili na watu wawili watatu, nalo ni swali la haki. Sidhani Mlimani ingemharibia mbio. Joto angelizoea, vilima vingemjenga, na kozi ile ingemfaa kwa ukocha baadaye. Njaa ingekuwa ileile, kwa sababu bumu ni lilelile na pasi ndefu ni ileile. Mama mdogo wa Kimara ana watoto wadogo watatu na foleni ya Morogoro Road kati yake na chuo, asingeweza kufanya alichofanya shangazi, hata kwa moyo uleule. Labda angekutana na mwalimu wa kozi ya michezo akamwona mapema kuliko alivyoonwa Dodoma. Hilo linawezekana kabisa, na linaifanya hoja ya kaka kuwa bora kuliko alivyoitetea.

Kwa hiyo ninapokaa sasa na mzazi mwenye mtoto wa mbio na udahili mara mbili, mwinuko nauuliza mwisho. Nauliza kwanza Jumapili atakula wapi, na nani atakayekuwa karibu naye kiasi cha kumuuliza maswali ya aibu. Halafu kundi. Halafu kozi na praktiko zake. Baadhi huona nimeshusha hadhi ya mazungumzo.

Binti yuko mwaka wa pili. Baba mdogo bado hupiga simu kila tangazo la nafasi linapotoka, na mara hii Binti hakumkatalia moja kwa moja. Alisema amalize shahada kwanza, halafu wazungumze akiwa na muda chini ya 35. Kinachomshughulisha kwa sasa ni mazoezi ya kufundisha mwisho wa mwaka wa masomo, atakapopangiwa shule kwa wiki kadhaa mbali na kikundi. Ameomba Singida, nyumbani, kwenye mita zake 1,500 na chakula cha mama yake. Akipangiwa Kongwa au Mpwapwa itabidi atafute upya wa kukimbia naye, na ameshaanza kuuliza nani ana ndugu huko.